Kobe Aliyepunguza Shayiri

Paliondokea Kobe mmoja bahili, aliyeishi bondeni na mama yake mzee. Kwa kuwa hawakuwa na mbio, walimfuga Farasi awapandishe kilimani kila mto ulipofurika. Posho yake ilikuwa pishi ya shayiri kwa siku.

Kiangazi kilipokolea, Kobe akamwambia, "Mvua iko mbali. Nusu pishi itakutosha."

"Nguvu za masika huliwa kiangazi, bwana," Farasi akajibu.

Kobe hakumsikia. Nusu ikawa robo, robo ikawa makapi matupu. Ghala likajaa, naye akajiona mwerevu.

Mwaka ule mvua iliwahi. Maji yalipofika kizingitini, Farasi alilala chini wakampanda. Alipojaribu kuinuka, miguu ikatetemeka, akaanguka.

"Leo naweza kubeba mmoja tu," akasema kwa huzuni.

Kobe akamtazama mama yake, akashuka. "Mpeleke yeye, kisha unirudie."

Farasi akamfikisha mama kilimani, akageuka kumrudia mwanawe. Hakufika mbali, magoti yakamwishia nguvu, akaanguka wala hakuinuka tena. Mama akabaki ukingoni akimwita mwanawe, naye akamwitikia kutoka bondeni, mpaka ikasikika sauti ya maji peke yake.