Bangili ya Siwema

Kila mja mzito alivaa bangili ya utafiti, nayo bangili ilitaja kwa sauti kila alichokula, nyumba nzima isikie. Siwema aliivumilia mpaka siku ilipotangaza mbele ya wageni: "Mama amekula udongo."

"Udongo tena, mwanangu?" akasema mama mkwe wake, Bi Mwanakombo. "Mjukuu wangu atazaliwa tofali."

Wageni wakaangua kicheko. Siwema akaivua bangili, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Kesho yake muuguzi wa utafiti akabisha hodi. "Dada Siwema, bangili yako ilipozimika, mashine zetu ziliandika kwamba mimba imekufa. Ofisi nzima imehuzunika bure. Vaa hii mpya, na utuombe radhi."

"Mimba hii hapa, inanipiga mateke. Kliniki nitakuja, damu mtachukua, na habari za udongo nitakwambia wewe, tukiwa wawili. Sebuleni, hapana."

Muuguzi akafungua mkoba. Kando ya bangili mpya palikuwa na nyingine, ndogo mno, ya mtoto.

Siwema akaitazama, mkono juu ya tumbo.

"Omba radhi tu, mwanangu, yaishe," Bi Mwanakombo akanong'ona.

"Siombi, mama. Leo siombi, na akizaliwa siombi."