Gogo la Mwisho

Mjukuu wangu, umewahi kuona mtu akikalia gogo ili daraja lisiishe?

Mimi nilifanya hivyo, kule Kanazi, mwaka wa vita. Daraja la zamani lilikuwa limeoza, na kijiji kizima tulikuwa tunapanga magogo mapya ili lori lililosubiri ng'ambo ya kijito livuke, lichukue mgambo wetu. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Tangu jina lake lisomwe kati ya waendao vitani, sikuwa nimemwambia neno.

Likabaki gogo moja. Nikalikalia. Utomvu wake ukapenya kitenge changu cha pekee, ukaninata mapajani, wa baridi.

"Koleta, hilo halina mayai, unaatamia nini?" wanawake wakanicheka.

"Mwondoeni hapo!" mwenyekiti akafoka. Lakini kwetu mke wa mtu hashikwi na mwanaume mwingine, kwa hiyo wanaume wakabaki wanatazamana. Dereva akapiga honi. Akapiga tena.

Mume wangu akaweka shoka chini, akaja, akanishika makwapa.

"Inuka, Koleta. Unanitia aibu."

Nikaling'ang'ania shati lake kwa mikono miwili.

"Sitaki uende," nikamwambia.