Mvamizi wa Sinema Zumaridi

Wakili wa upande wa pili alipomwita Patrobas mvamizi mbele ya jaji, mkewe Phelister, aliyekuwa benchi la tatu, alisubiri mumewe akane. Patrobas aliinamisha kichwa tu.

Phelister aliumia moyo. Mvamizi ni mtu wa kuruka ukuta, na hao wawili walikuwa wameishi Sinema Zumaridi, pale nyuma ya mtaa wa Jericho, kwa miaka thelathini na mmoja. Patrobas alikuwa mwendesha mashine. Filamu ya mwisho ilipoonyeshwa, wenzake walienda zao na yeye akabaki. Watoto wao wanne walilelewa katika vyumba viwili nyuma ya dirisha la tikiti.

Kusema kweli, palikuwa hapatamaniki tena. Paa lilikuwa limeporomoka upande wa balkoni, njiwa wakahamia. Kati ya viti mia sita, vilivyoweza kukalika havikufika hamsini. Hata hivyo, kila Jumamosi Patrobas alifagia safu kwa safu, akapangusa mashine, akarudi kula chakula kilichokwisha kupoa. Majirani walimcheka. Phelister naye alimcheka, kisha akamsaidia kubeba ndoo.

Mwaka huu kulitokea tumaini, nalo ndilo lililowaponza. Shirika moja la kuhifadhi majengo ya zamani lilikuwa tayari kuikarabati Zumaridi yote, kuanzia paa hadi pazia, ilimradi mwenye jengo akubali. Mwenyewe, Mzee Qorane, alikwisha fariki. Mjukuu wake Keynan, aliyekulia ng'ambo, alirudi na mchoro wa maduka ya ghorofa tisa, akazungushia sinema mabati na kutangaza kwamba itabomolewa mwisho wa mwezi. Hakumjua Patrobas, wala hakutaka kumjua.

Ndipo Clare, wakili kijana wa Kariobangi, alipojitolea. Alimweleza Patrobas kwamba mtu akikaa waziwazi kwenye ardhi ya mwingine kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, sheria inaweza kumpa iwe yake. Akiipata, ataweka sahihi yeye kama mwenye jengo, na Zumaridi itapona. Akamuuliza maswali mengi. Aliwahi kulipa kodi? Alikaribishwa na mtu? Aliwahi kuhama akarudi? Patrobas alijibu hapana, akakohoa, akajibu hapana, hapana. Siku hiyo Phelister alikuwa sokoni.

Jioni ya ile siku ya kuitwa mvamizi, Phelister alimuuliza mumewe kwa nini hakujitetea. Yeye, Phelister, ni mzee wa kanisa. Jina la mumewe ni jina lake.

"Wachana nayo, Mama Elsie," Patrobas alisema. "Clare anajua kazi yake."

Hakumwangalia alipokuwa akisema hayo. Phelister akajua mzee amekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hasaidiwi kwa kuulizwa. Asubuhi akajifunga leso, akaenda Eastleigh bila kumwambia mtu.

Alikuwa anamtafuta Ruqiyo, binti wa Mzee Qorane na shangazi yake Keynan. Ruqiyo alikuwa amepita miaka sabini na magoti yake hayakumtaka tena. Alisikiliza yote, hadi lile neno mvamizi, kisha akaomba fimbo yake. Kusimama mahakamani dhidi ya mtoto wa ndugu yako si jambo dogo. Phelister alimwambia hivyo. Ruqiyo akajibu kwamba baba yake angekuwa hai, huyo Keynan angechapwa.

Alhamisi waliingia mahakamani wameshikana mikono. Keynan alipomwona shangazi yake alisimama, rangi ikamtoka, akaanza kunong'onezana na wakili wake. Phelister alifurahi sana kuona hivyo, na sitamlaumu. Clare alipoelezwa mama huyo ni nani aliomba muda azungumze naye kwanza. Jaji alikataa. Kesi imechukua siku za kutosha, alisema, na binti wa mwenye jengo anaweza kusikika sasa hivi.

Phelister akaketi karibu na mumewe na kumshika mkono. Ulikuwa umelowa jasho.

Ruqiyo aliapa, akakataa kiti.

"Mheshimiwa, huyu mzee hakuvamia kitu," alisema. "Baba yangu alimpa funguo kwa mkono wake, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Alimwambia, Patrobas, kaa na watoto wako, hakuna atakayekutoa. Baba alipokufa nilienda mwenyewe nikamwambia, kaa. Kila Idd namtumia pilau, na kila Idd namwambia hivyo hivyo. Sisi si watu wa kumtupa mtu, halafu tumwite mwizi."

Watu wa Jericho waliojaa mabenchi ya nyuma walipiga makofi hadi karani akawanyamazisha. Phelister alilia bila kujificha. Miaka yote ile ya ndoo na mafagio, hatimaye kuna mtu ameisema mbele ya watu wakubwa.

Wakili wa Keynan aliulizwa kama ana maswali kwa shahidi. Alikuwa ameandaa karatasi mbili. Alizikunja, akasema hana hata moja.

Jaji alivua miwani.

"Kwa hiyo miaka yote hii amekaa kwa ruhusa yenu?"

"Ruhusa kamili," Ruqiyo alisema, akamgeukia Phelister na kutabasamu.

"Basi ni mgeni wenu," jaji alisema, akifunga faili taratibu, "na sheria niliyo nayo hapa humpa nyumba mvamizi, haimpi mgeni."