Jina la Saba

Nafasi zilikuwa sita, majina saba. Katibu alitaka orodha ya msafara wa Waziri kwenda ng'ambo kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo Makame, mpanga safari za wakubwa ambaye ndege anazijua kwa kuzipungia mkono, alipiga mstari juu ya jina la Bi Tatu, mtunza mafaili. Lake mwenyewe akaliacha.

Mara Bi Tatu huyo mlangoni, akaingia na kubwaga begi kwenye mizani ya vifurushi ya ofisi.

"Kilo mbili zimezidi, mwanangu! Ofisi nzima imenitwika: huyu dagaa za dada yake, yule ubuyu wa mumewe. Na mimi nina mjukuu huko, sijamwona hata ukucha."

"Bi Tatu, kuhusu safari..."

"Najua, begi lako jepesi. Vijana mnasafiri na mswaki tu." Akachomoa kanga mpya ya kumbebea mtoto, akamwekea mapajani. "Hii ibebe wewe. Tukifika utanipa."

Makame akafungua mdomo. Kanga ilinukia udi.

"Sawa, mama," akasema.

Bi Tatu akatoka akiimba. Makame akabaki ameipakata ile kanga kama mtoto wa watu, hajui amkabidhi nani.