Dari la Chumba cha Mbele

Pius alikwangua kidogo, akasimama, akasikiliza. Akakwangua tena, akasikiliza tena. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na tano huyo, lakini siku hiyo ungemwona juu ya jukwaa ungeapa ndiyo kwanza anashika mwiko.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Dari la zege, chumba cha mbele, nyumba ya Mzee Luhende kule Ilemela, nyumba zinakokaa juu ya mawe. Dari lilijaa vinundu vya plasta, mtindo wa zamani. Rose, binti wa mzee, alitaka vikwanguliwe vyote, kisha lipigwe skimu, ile plasta nyembamba ya juu, liwe laini kama sahani. Mumewe alikuwa amehamishiwa Mwanza, na yeye na watoto walifikia hapo kwa baba mpaka wapate nyumba.

"Shikamoo, fundi. Nakuomba uwahi," alisema asubuhi. "Hivyo vinundu vinadondosha vumbi, na watoto wanalala humu leo hii hii."

Mzee Luhende ndiye hakutaka. "Dari hilo lina kosa gani? Liacheni lilivyo." Lakini Rose akishaamua, kaamua. Basi mzee akavuta kiti, akakiweka katikati ya chumba, chini ya jukwaa kabisa, akakaa. Tangu saa mbili hakuinuka.

"Mzee, sogea kidogo, utachafuka."

"Fanya kazi yako, Pius."

Jasho lilimtoka Pius hata feni ikizunguka. Maana vinundu vile aliviweka yeye mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita, mwaka ule Rose anaolewa. Na havikuwa urembo hata kidogo.

Zege lile lilitakiwa likae juu ya mirunda, ile miti ya kuliegemeza, wiki tatu nzima. Siku ya sita Pius akapata msiba kwao Sengerema, akapanda kivuko akaenda kuzika. Aliporudi siku ya kumi na moja alikuta mirunda imeshatolewa, imepangwa nje ukutani vizuri kabisa. Darini kulikuwa na ufa mwembamba, kutoka ukuta hadi ukuta. Aliwabana vijana wake mmoja mmoja, na wote wakaruka kimanga. Eti hawajui! Kulikuwa na kazi nyingine Igoma inayoisubiri mirunda hiyo hiyo, kwa hiyo alijua wanamdanganya.

Angesema, zege zima lingevunjwa, na nani angempa kazi tena? Akaujaza ufa, akatia vinundu dari zima, akamwambia mzee huo ndio mtindo wa mjini sasa. Mzee alilitazama dari muda mrefu. Kisha akamshika Pius mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante sana, mwanangu."

Tangu hapo hakuchoka kumpigia debe. Mtu akitaka kujenga, mzee anamwambia, mwiteni Pius. Sasa mzee alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya parokia, na bweni la wasichana lingeanza mwezi ujao. Jina la fundi lilikuwa linajulikana hata kabla kamati haijakaa.

Saa nane hivi, bonge la plasta liliachia, likapasukia sakafuni karibu na mguu wa kiti. Pius akainua macho. Ufa huo hapo. Ila haukuwa tena mwembamba. Ncha ya mwiko iliingia yote. Na juu ya zege lile lilikaa tangi la maji la lita elfu mbili.

Akachungulia chini. Mzee hakuwa anaangalia lile bonge. Alikuwa anaangalia pale pale penye ufa.

"Kuna nini?" mzee akauliza polepole.

"Hakuna kitu, Mzee. Plasta kuukuu tu."

Akachota skimu, akaishindilia. Ikakaa. Akapitisha mwiko mara moja, na nusu ya ufa ikapotea kama haikuwahi kuwepo. Alibakiza kupitisha mara moja tu.

Nje Rose alikuwa anagombana na watoto. "Winnie! Shuka juu ya godoro, nimeshalifuta mimi! Fundi, bado sana? Tunataka kulileta humo."

Mkono wa Pius ukagoma. Aliulazimisha, ukagoma. Akautupa mwiko kwenye ndoo, akashuka jukwaani, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya kiti.

"Mzee, asilale mtoto humu. Nakuomba. Nilikudanganya." Akayatoa yote, msiba, mirunda, ufa, vinundu. "Vijana wangu waliitoa mirunda kabla ya wakati, nami nikaficha. Bweni mpeni mwingine. Nipelekeni hata polisi. Ila watoto wasilale humu."

Mzee Luhende aliinuka kwa shida, akaenda kufunga mlango, akabaki amekishikilia kitasa, mgongo kwa fundi. Pius akajua yamekwisha.

"Kwa hiyo," mzee akasema, na sauti haikuwa ya hasira, "siku zile hukuniona?"

"Kukuona wapi, Mzee?"

"Ulipoweka vile vinundu nilidhani umejua, ukaamua kunisitiri. Miaka yote hii."

Mlango ukagongwa. "Baba, fungua, godoro zito hili!"

Mzee akafungua. Rose alikuwa amesimama na godoro kichwani, watoto wawili wamemshika gauni.

"Rudisha, mwanangu," akasema. "Mirunda ya chumba hiki niliitoa mimi, kwa mikono yangu, ili wageni wa sherehe ya kukuaga, sendofu yako, wapate pa kukaa."