Tonge la Kiganjani

Zawena alikuwa akiyafunga tena maboksi aliyoyafungua wiki iliyopita. Katika mji huu hakuna aliyelijua jina lake, naye alikwisha kuamua kurudi kwao. Njaa ilipombana, alivuka barabara akaingia kwenye mkahawa mdogo wa sushi, akaketi mbele ya mpishi, bibi mmoja wa Kijapani.

Bibi alilowesha mikono, akachota wali uliotiwa siki, akaufinyanga taratibu kiganjani, kisha akalaza juu yake kipande cha samaki mbichi. Zawena akaduwaa. Hivyo hivyo ndivyo mama yake alivyomfinyangia matonge kila alipougua. Bila kufikiri, akakinga kiganja cha kulia.

Mteja wa pembeni akaangua kicheko. "Dada, hapa hatulishwi! Tumia vijiti hivyo."

Zawena akaona haya, akaanza kuurudisha mkono.

"Uache hapo hapo, mwanangu," bibi akasema. "Kwetu hili huliwa hata kwa mkono. Huyu Chande anang'ang'ania vijiti ili aonekane amesafiri."

Akamwekea tonge kiganjani. Wali ulikuwa na uvuguvugu kama kitu chenye uhai. Bibi hakuondoa macho mpaka Zawena alipomeza.

"Unaitwa nani?"

"Zawena."

"Basi kesho, Zawena, nitakufinyangia la pweza."

Nyumbani, kamba ilikuwa bado imelala juu ya boksi la vyombo. Zawena aliishika, akaiweka chini. Akatoa sufuria moja, akaitua jikoni. Maboksi mengine akayaacha hadi kesho, hayakufungwa wala hayakufunguliwa, na kiganja chake kikinukia siki.