Waya wa Ng'ombe

Mwendesha baiskeli alisimama mbele ya ua, mguu mmoja chini, mizigo imening'inia pande mbili za gurudumu la nyuma. Hakuuliza kwa Kigiriki. Aliuliza kwa lugha ya zamani ya vijiji vile vya Ziwa Prespa, mpakani kaskazini mwa Ugiriki.

"Samahani bibi, magofu ya kanisa ni huku chini?"

Evanthia aliendelea kumenya maharage. Shuleni alichapwa viganja kwa kuisema lugha ile, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akiisema, hata mwanawe.

"Sikuelewi, mwanangu," alijibu kwa Kigiriki.

Mke wa mwanawe, aliyekuwa akianika pilipili, alicheka. "Muulize kwa mikono basi, kaka. Mama yetu huyu hata Kigiriki chenyewe anakibania."

Kijana akacheka naye, akaonyesha ziwa kwa kidole, akaachia breki.

Mteremko ni mkali pale. Baiskeli ilikuwa imeshakolea mwendo Evanthia alipoukumbuka waya. Mwanawe aliufunga asubuhi kukatisha barabara, kuzuia ng'ombe. Mwembamba, umeshika kutu, usawa wa shingo ya mtu aliyekaa juu ya baiskeli.

"Inama!"

Kijana aliinama. Waya ulikwaruza kofia yake. Mbele kidogo akasimama, akageuka, akamtazama bibi.

Mke wa mwanawe naye alikuwa akimtazama, pilipili mkononi. Neno lile halikuwa la Kigiriki.

"Mama," alisema polepole, "hiyo umejifunza wapi?"

Evanthia akainama kuokota maharage. Hakuna hata moja lililokuwa limeanguka.